Mama wa Darasa Zima

Jumamosi moja nilikuwa saiba, duka la kompyuta mtaani Tassia, nikingoja kopi ya kitambulisho, mama mmoja akaingia na binti yake wa gredi ya nane, amevaa sweta ya shule anayosoma mpwa wangu.

"Nitolee picha ya mama, ya kuchora," akamwambia kijana wa kompyuta. "Mwalimu anaitaka Jumatatu."

Kijana hata hakutafuta. "Iko. Wenzake wamechukua hii." Mashine ikatoa mwanamke mwenye shingo ndefu, herini kubwa na meno yote. Binti angeweka karatasi juu yake na kufuatisha mistari, basi.

Binti akatoa mchoro wake mwenyewe kwenye begi. Nilichungulia. Kilemba kimelegea, jicho moja dogo kuliko lingine, mdomo umebanwa. Alikuwa mama huyu huyu aliyesimama mbele yangu.

"Lakini mum, huyu si wewe," akasema, akiigusa karatasi ya mashine.

"Kwani mwalimu ananijua? Yeye anataka kitu safi." Akaukunja mchoro wa mtoto, akausukumiza ndani ya kibeti.

Wanaobishana kuhusu somo la sanaa hutaja rangi, brashi na kompyuta. Mimi ningeomba watoto wafundishwe kutazama tu. Walimu pia.

Ijumaa iliyofuata nilienda kumchukua mpwa wangu shuleni kwao. Kazi za gredi ya nane zilikuwa zimebandikwa ukutani, kila moja na alama nyekundu ya vema. Shingo ndefu, herini, meno. Ukiuamini ukuta ule, darasa zima ni ndugu wa tumbo moja, na mama yao hajawahi kuishi Tassia.