Mapigo Manane ya Kimya

Mimi si mtu wa kusamehe haraka, na sitajifanya hapa kwamba ndivyo nilivyo.

Piano niliijua kabla sijajua kusoma vizuri. Mama alikuwa akifagia klabu ya mabwana wa shamba la chai, na shule zikifungwa alikuwa ananichukua kazini ili nisizurure. Alinipa kitambaa nipanguse vumbi kwenye piano ya pembeni, nikagundua kwamba nikipangusa polepole inaimba. Vitufe vitano vilikuwa vimekufa. Hadi leo nikitunga wimbo, vidole vyangu huviruka vitufe hivyo vitano vyenyewe, hata kama piano ni nzima.

Nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi huku Kimulot, nilipewa pia kwaya ya kanisa letu, lile lililo karibu na kiwanda cha chai. Klabu ilipofungwa, kanisa likapewa ile piano, ikaletwa kwa trela ya majani chai ikiwa imefunikwa magunia. Siku hiyo nililia, na watu wakafikiri ni Roho.

Kwaya haikujua noti za mistari. Nilikuwa naandika do re mi ubaoni, nao wananakili kwenye madaftari. Juu ya wimbo hatukuandika jina la mtunzi. Sheria hiyo niliiweka mimi mwenyewe. Niliwaona watu wanaotia sahihi kwenye nyimbo za Mungu utafikiri ni barua za kuomba kazi, wakanichefua. "Wimbo ukitoka mkononi mwangu ni wa kanisa," niliwaambia, na nilijiona mtakatifu sana nikisema hivyo.

Wimbo ninaoukumbuka kwa uchungu niliutunga mwaka ule mama alipofariki. Tulikuwa tunafanya mazoezi jioni, akina mama wakishapima majani yao, na wengi walikuja bado wamefunga aproni za plastiki kiunoni. Siku moja tukafika katikati ya ubeti wa tatu, king'ora cha kiwanda kikalia. Kanisa lote lilitetemeka. Nikainua mkono wangoje. Kilipomaliza nikashusha mkono, nao, kwa hasira ya kungojeshwa, wakaingia pamoja kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia kwao. Mama mmoja wa sauti ya pili, aliyetoka upande wa ziwa kufuata kazi ya kiwanda na hakurudi tena kwao, akapiga kelele, "Mwalimu, hapo acha hivyo hivyo!"

Nikaacha hivyo hivyo. Nilifuta ubao nikaandika mapigo manane ya kimya. Kila tulipouimba baada ya hapo, tulinyamaza mapigo manane hata kama kiwanda kimelala, na kila mmoja wetu alikuwa anasikia king'ora kichwani.

Katika kwaya ile kulikuwa na kijana niliyemfundisha tangu darasa la nne. Nilimfundisha piano, nikamfundisha kuongoza, na mama yake alipougua alikaa kwangu miezi kadhaa akila ugali wangu na mursik yangu, maziwa ya mgando ya kibuyuni. Aliniita mama. Alipoitwa chuoni kufanya mtihani wa muziki, nilimpa daftari langu lenyewe la nyimbo, lile la kwanza, achague humo wimbo wa kwenda kuwaonyesha. Alifuzu. Daftari halikurudi, na mimi sikuulizia, kwa sababu mtu haulizii daftari kwa mtoto wake.

Miaka ikapita. Asubuhi moja nilikuwa nachemsha chai nikausikia wimbo wangu redioni. Kwaya kubwa, vinanda, ngoma, kila kitu. Nilisimama na kijiko mkononi nikitabasamu kama mjinga. Kisha mtangazaji akasema yuko na mtunzi studioni, na sauti niliyoilea ikajibu salamu.

Mtangazaji akamuuliza, "Na pale kwa ubeti wa tatu, mnanyamaza. Hiyo silence ilitoka wapi?"

Akajibu bila kusita: "Hapo nilikuwa naomba usiku mmoja, nikasikia Mungu amenyamaza. Nikaamua niiweke kwa wimbo."

Nilicheka kwa sauti, peke yangu jikoni. Nilicheka hadi chai ikafurika ikazima moto. Halafu nikakaa kwenye kiti, na kile kicheko kikageuka. Angeuchukua wimbo wote, angeniachia king'ora changu tu, labda ningevumilia.

Nilimpigia simu. Hata hakukana. "Mama, si wewe ulitufundisha hizi nyimbo ni za kanisa? Hazina mwenyewe. Huko studio hawawezi rekodi kitu haina jina, so nikaweka yangu. Usikasirike, mama."

Nilitaka kitu kimoja tu: mtu asimame aseme wimbo ule ni wangu. Nikaenda kwa mchungaji, naye akawaita wanakwaya wa zamani baada ya ibada. Wapo walionakili ubaoni kwa mkono wao. Wapo waliokuwa wamesimama pale king'ora kikilia. Mchungaji akawauliza nani alitunga. Kijana wangu alikuwa ameahidi kuwapeleka Nairobi kuimba naye kwenye rekodi ya pili, na sare zilikuwa tayari zimeshonwa. Yule mama wa sauti ya pili ndiye aliyejibu kwa niaba yao.

"Hii wimbo ni ya kwaya, pastor. Mwalimu mwenyewe alisema hivyo."

Na kweli nilisema. Maneno yangu mwenyewe ndiyo yaliyonifunga mdomo. Nilirudi nyumbani nikiwachukia wote, na nilimchukia zaidi yule mwalimu mtakatifu wa zamani.

Halafu kanisa likafanya sikukuu ya kuadhimisha miaka tangu lianzishwe. Kijana alikuja kuongoza, amevaa koti jeupe, akanisalimu "Chamgei, mama" mbele ya watu na kuinama. Mimi niliombwa nipige piano. Mwenye akili angekataa. Mimi nilikubali, kwa sababu nilikuwa nimepata wazo.

Waliimba vizuri, siwezi kusema uongo. Ubeti wa tatu ulipofika, akainua mkono, kanisa lote likanyamaza. Nami nikaweka mkono wa kushoto kwenye vitufe vya sauti ya chini kabisa, nikaupandisha kitufe kwa kitufe hadi juu, nikakaa hapo nikitetemesha vidole, kisha nikashuka. Mapigo manane kamili. Kilikuwa king'ora chenyewe. Hata mgeni aliyefika jana angekitambua, seuze watu walioamshwa nacho maisha yao yote.

Niliwaona akina mama wakishtuka. Mmoja alishika kiuno, mahali aproni hufungwa. Yule wa sauti ya pili machozi yalimtoka waziwazi, na wakaingia kwa nguvu ile ile ya siku ile ya kwanza, na nikajua wamekumbuka. Wote. Nilimaliza wimbo kwa furaha. Nikangoja.

Ibada ilipokwisha, yule mama alikuja mbele moja kwa moja. Nilisimama kutoka kwenye kiti cha piano nikanyoosha mkono. Alinipita. Alienda kwa kijana, akamshika mikono yote miwili, bado analia.

"Mwalimu," akamwambia, "hapo kwa king'ora umenirudisha mbali sana. Ulijuaje kuiweka?"

Kijana aliniangalia mara moja tu, kisha akamgeukia.

"Asante, mama," akasema. "Hiyo niliongeza juzi."