Mwanafunzi Aliyelala Mantapala

Juzi kule Mantapala nilichungulia dirisha la darasa nikaona watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Wanasomea ualimu. Mmoja hufundisha, wenzake hujifanya watoto wa darasa la kwanza, na mkufunzi hukaa nyuma akitoa alama. Mpaka somo liishe hakuna papa wala mama, wote ni batoto.

Zamu ilikuwa ya dada mmoja kijana, na kufaulu kwake kulitegemea somo hilo. Katikati ya wimbo wa kuhesabu, mzee mmoja akalaza kichwa juu ya dawati. Wenzake wakacheka, wakidhani anaigiza. Kisha akakoroma. Alikuwa ametoka kisiwani Chisenga alfajiri kwa mashua.

"Mutoto moja hafwati somo," mkufunzi akasema, kalamu mkononi.

Nikajua dada atamwamsha mzee. Mimi walimu wangu waliniamsha kwa kunitupia chaki. Dada akamwendea yule mzee, akamtoa kalamu vidoleni isimchome, akaweka kidole mdomoni.

"Batoto, tuimbe polepole. Mwenzetu anachoka."

Na watu wazima wale, na ndevu zao, wakahesabu hadi kumi kwa kunong'ona. Chuoni sijui mbinu hiyo wanaiitaje.

Mzee akaamka, akapangusa mdomo. "Somo inaisha, madamu?"

"Hapana, mutoto wangu. Tulikuwa tunakungojea."

Wakaanza tena kutoka moja, na safari hii mkufunzi naye aliimba.