Kipande cha Koti Katikati ya Blanketi

Mafuta ya cherehani yakichanganyika na sufu iliyolowa hutoa harufu nzito, kama ya mnyama aliyenyeshewa. Ndiyo iliyokuwa harufu ya kibanda cha Mama Sanga kule kwetu Lupepo, msimu wa kipupwe nilipokuwa darasa la sita. Rungwe wakati huo ukungu unashuka tangu mchana, migomba inadondosha maji hata kama mvua haijanyesha, na nguo uliyoanika leo unaianua kesho ikiwa vile vile. Mama Sanga alikuwa Mkinga wa Makete. Mume wake alifanya kazi kwenye mashamba ya chai, na yeye alishona sare za shule na kupunguza nguo za mitumba. Chini ya meza yake kulikuwa na gunia la vipande vilivyobaki, na kwa ajili ya gunia hilo nilianza kwenda kwake.

Mama yangu alikuwa amerudi nyumbani kutoka hospitali, anaumwa kifua. Sitaki kusema walimtelekeza, maana walimtibu kwa muda mrefu, wakatuambia sasa apate chakula, dawa na joto. Chakula kilikuwepo, ndizi hazijawahi kutuishia. Dawa alimeza. Joto ndilo lililokosekana. Baba alikuwa Chunya kwenye machimbo ya dhahabu na tulikuwa hatujasikia habari zake, na blanketi la mama lilikuwa limechakaa mpaka ukiliinua unaona mwanga wa dirisha. Alikuwa akitetemeka mpaka kitanda kinalia. Nikamwomba Mama Sanga anifundishe kushona blanketi la viraka, lile la tabaka tatu: vipande juu, blanketi kuukuu katikati, shuka chini, halafu unapitisha cherehani juu ya vyote ili visitembee. Akanitazama miguu, akasema, "Hivyo vijiguu vitafika kwenye kanyagio kweli?" Vilifika, ila kwa kukaa kwenye ncha ya stuli.

Mwanzo alinipa karatasi ya mfuko wa saruji, akatoa uzi kwenye sindano, akaniambia nifuate mistari aliyochora kwa chaki. Nilikanyaga, gurudumu likarudi nyuma, karatasi ikachanika. Nikakanyaga tena, sindano ikaenda zake kama mbuzi aliyekata kamba. Mimi ni mtu wa kujishuku tangu zamani. Hata haya ninayoandika nayafuta mara mbili. Siku zile kila mshono uliopinda niliuona kama ushahidi kwamba mama atakufa kwa sababu mtoto wake hana mikono. Nilishona na kufumua, nikashona na kufumua. Mama Sanga akanyakua ule wembe wa kufumulia.

"We mtoto, unamshonea nani, mkaguzi?"

"Mama."

"Basi shona. Baridi haina macho, haiwezi kuona kwamba umepinda."

Mpaka leo sijui kama alikuwa sahihi, lakini niliacha kufumua.

Sasa niseme habari ya babu, mzaa baba. Kwetu Wanyakyusa mkwe wa kike na baba mkwe wake hawakutani. Mwanamke hamtaji mzee jina, hali chakula naye, hagusi kitu chake. Babu akipita njia ya migombani alikohoa kwanza kwa sauti, na mama, akiwa na ndoo kichwani au mzigo wa majani mgongoni, aliingia kando, akajifunika khanga usoni mpaka apite. Walikaa boma moja miaka yote hiyo hivyo hivyo, na hakuna aliyeona ni uadui. Ilikuwa heshima. Mama alipougua babu hakuweza kuingia kumwona. Alikuwa akisimama mbali, nyuma ya zizi, akiniita: "Amekula?" Namjibu. "Amelala?" Namjibu. Anaondoka.

Siku moja alinikuta nachagua vipande kizingitini kwa bibi, mke wake. Akavua koti lake, lile zito la kijivu lililokwisha viwiko, akanikabidhi. "Kata hapo mgongoni," akasema, "bado pazima." Hakuuliza nashona nini, wala mimi sikueleza. Nimejiuliza sana kama alijua. Mzee aliyeshika mila kama yeye asingefanya vile akijua; lakini mzee yule yule alikuwa akisikia kile kikohozi kila siku kutoka nyuma ya zizi. Siwezi kumsemea.

Mgongo wa lile koti ulikuwa kitambaa kizuri kuliko vyote kwenye gunia. Nikauweka katikati kabisa, pale kifua cha mama kitakapokuwa. Mama Sanga, ambaye ni mgeni na hakujua koti ni la nani, alinisifu. Sindano moja ilivunjika kwenye unene ule, tukaweka nyingine. Nilipomaliza lilikuwa limekunjamana pembeni na mistari yake haikwenda sawa hata miwili, lakini lilikuwa blanketi. Nikalibeba kichwani mpaka nyumbani, nikamfunika mama.

Akatabasamu. Akapapasa mishono kwa kidole, taratibu, mpaka mkono ukafika katikati. Ukasimama hapo, naye akakitazama kile kitambaa cha kijivu. Halafu akalisukuma blanketi lote chini sakafuni, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Mwanangu, hili siwezi."

"Ni kipande tu, mama."

"Kipande tu!" bibi akadakia kutoka mlangoni. "Na wewe ukiolewa utakula na baba mkwe wako sahani moja, useme ni ugali tu?"

"Msimkaripie," mama akasema, huku meno yanagongana. "Hakujua. Litoe hilo, halafu uniletee."

Mwacha mila ni mtumwa, wanasema wahenga. Mama hakutaka kufa mtumwa, na nilipomwangalia pale akijikunyata chini ya khanga mbili nilimchukia kidogo, na wahenga pia. Bibi alimletea blanketi lake mwenyewe, naye akabaki na shuka. Nikarudi kwa Mama Sanga nikilia. Kufumua mshono wa cherehani uliopita tabaka tatu si mchezo. Wembe ulipasua shuka la chini, na katikati pakabaki tundu la kupita kichwa. Nikamwambia naacha, sina mkono wa kazi hii. Hakunibembeleza. Alinisogezea stuli akasema, "Kulia utalia kesho. Leo kuna mtu ana baridi." Nilikata sketi yangu ya shule ya zamani, nikaziba. Pale katikati palivimba na kukunjamana kama uso wa mtu aliyeonja shubiri.

Mama alilipapasa tena, akafika katikati, akapita. "Limepinda," akasema. Halafu akalala, na kitanda hakikulia. Alikaa chini ya blanketi lile mpaka alipofariki, kabla kipupwe hakijaisha. Wanawake waliomwandaa kwa maziko walimfunga blanketi jipya la dukani lililoletwa na ndugu zake, langu wakaliweka kando. Kwa miaka mingi niliamini waliona aibu. Siku hizi nadhani bibi aliona tu kwamba bado kuna mtoto atakayelala peke yake kitanda kile.

Sasa nashona Tukuyu mjini. Cherehani yangu ni ya umeme, na mishono yangu bado inanitia mashaka. Mila ile imelegea. Wakwe wanapigiana simu, wanakaa meza moja kwenye sherehe, na sioni ubaya. Baba wa mume wangu alipooza mwaka jana, upande mmoja wote. Mke wake alishatangulia, mume wangu yuko safarini mara nyingi, kwa hiyo ninayemwosha na kumbadilisha nguo ni mimi. Mama angejificha migombani. Mimi naingia. Kuzoea hatujazoea, si yeye wala mimi. Nikishamvalisha sweta anageuza uso ukutani, nami nageuza wangu mlangoni, mikono ikimvutia blanketi mpaka shingoni kwa kupapasa. Wakati mwingine nakosea nikamfunika mdomo, naye anakohoa, nalishusha kidogo. Halafu analala, amepata joto.