Mguu wa Luyen

Mpishi ni mtu wa kuwahi sokoni, na Luyen, mpishi wa shule ya chekechea mjini Vinh, aliwahi kweli. Lakini hakuingia. Alisimama langoni na kapu lake, mara anafunga kamba za viatu, mara anapekua mkoba kama mtu aliyepoteza ufunguo, hadi amwone mtu mwingine ameshanunua. Hapo ndipo aliposogea, na samaki wazuri walikuwa wameshakwenda. Kwa fundi cherehani alikaa nje mpaka atoke mteja. Kwa msusi vilevile. Na siku ya kwanza ya mwaka mpya, watu wanapotembeleana, yeye alijifungia ndani mpaka adhuhuri, asije akatia mguu nyumbani kwa mtu kabla ya wengine.

Miaka tisa aliishi hivyo, jamani. Mimi ningeshapasuka.

Chanzo kilikuwa dada yake, Khuyen, aliyeolewa mji wa Hue, na huko akawa na duka la kashata za ufuta ndani ya soko la Dong Ba. Mwaka ule Luyen alishikwa na hamu ya dada yake, akapanda basi bila kumwambia mtu, akafika Hue asubuhi ya mwaka mpya. Akaingia moja kwa moja na kapu lake la mikate ya wali, huku anaita, "Dadaa!" Sasa, asubuhi ile nyumba ya mtu haiingiwi hivihivi. Kila familia huchagua mtu wa heri, mwenye afya na kazi ya maana, aje avuke kizingiti wa kwanza, maana mguu wake ndio utakaobeba mwaka mzima wa nyumba ile. Kwa Khuyen walikuwa wanamngoja mwalimu mkuu wa mtaani, chai imeshaandaliwa. Akaingia Luyen na viatu vyenye tope.

Mwezi wa nne mume wa Khuyen, Vien, akafa kwa ugonjwa wa ini. Mazikoni, mbele ya ukoo mzima wa marehemu na majirani, Khuyen akamnyooshea kidole mdogo wake. "Ni mguu wako! Wewe ndiye uliyeingia nyumbani kwangu kwanza!"

Tangu siku ile hakupokea simu ya Luyen hata mara moja. Wazazi walikuwa wameshakufa, mtoto Luyen hakujaliwa, dada ndiye alikuwa mtu wake wa pekee wa damu. Na baya kuliko yote, Luyen alimwamini. Alijiona ana nuksi kweli, akajipanga kuishi kama mwenye nuksi.

Basi mwaka huu Oanh, mkuu wa jiko la shule, akatangaza kwamba wapishi wote wanne watakwenda kutembea Hue, Ijumaa hadi Jumapili. Oanh ni mwanamke wa kubana matumizi mpaka chumvi inalia. Alikata tiketi za viti vya mbao, akawachemshia mayai na kuwafungia wali majanini ili mtu asinunue kitu ndani ya treni, akapata chumba kimoja chenye vitanda viwili, nyuma ya gereji ya pikipiki. Kitu kimoja tu alikitumbulia fedha: fulana nne za rangi ya chungwa, zimeandikwa kifuani JIKO LETU.

"Tusipotezane," alisema.

"Tutapotezana vipi, dada Oanh? Tukivaa hizi hata ndege watatuona," akasema Thom, mnene wao, mcheshi wao. Wa nne, Diu, aliyekuwa msichana wa juzi tu jikoni, akaivaa yake bila neno.

Walipotaja Hue, walidhani Luyen atakataa, maana mambo ya dada yake waliyajua nusunusu. Luyen akawa wa kwanza kulipa. Hilo peke yake lingetosha kuwashtua.

Jumamosi walitembea mpaka nyayo zikawaka. Walipiga picha mbele ya lango la ngome bila kuingia, kwa sababu kiingilio kilimuudhi Oanh, wakala wali wa chaza kando ya mto, sahani ya pili wakagawana. Luyen alicheka na wenzake, akapiga picha, akala. Jioni, kabla hata jua halijazama, wameketi vitandani wanajikanda miguu, akasema:

"Kesho alfajiri naenda Dong Ba. Naenda kumfungulia dada yangu duka."

Pale kila mmoja alijua uzito wa maneno yale. Mteja wa kwanza wa siku ndiye anayefungua biashara. Akinunua vizuri bila kubembeleza bei, siku inakwenda vizuri. Akiwa mtu wa mkosi, siku nzima imeharibika, na mwenye duka huwasha kipande cha karatasi akakipunga juu ya bidhaa ili kufukuza nuksi.

"Mwenzangu," akasema Thom polepole, "kwa nini usiende saa nne, kama mtu yeyote?"

"Kwa sababu nimechoka kwenda saa nne. Nina miaka hamsini na tatu. Nikienda saa nne atanihudumia kama mgeni, nitaondoka, tutazeeka hivihivi mpaka mmoja afe. Nataka niingie wa kwanza, anione, na siku yake iende itakavyokwenda."

"Na ikienda vibaya?"

"Basi nitajua. Nitarudi Vinh nikae nyuma ya watu mpaka nife, na sitamsumbua tena. Lakini nitakuwa nimejua!"

"Atakufukuza," akasema Oanh.

"Anifukuze."

"Atakuchomea karatasi mbele ya soko zima, shoga, uaibike mchana kweupe!"

"Achome! Moto wa karatasi unamuua nani?"

Oanh akamtazama mwanamke huyu aliyefanya naye kazi miaka kumi na minne, akagundua kumbe hakuwa amemjua. Akajilaza akageukia ukuta. "Basi lala," akasema. "Uso wa mtu aliyekesha nao ni mkosi."

Kulipopambazuka Luyen alikuwa tayari kwenye ujia wa maduka ya vitamu. Wenzake walimfuata kwa mbali, wakajibanza nyuma ya nguzo. Khuyen alikuwa anapanga maboksi, mgongo umeinama kuliko alivyokuwa, nywele zimekuwa nyeupe kisogoni. Luyen alipoona zile nywele moyo ulimuuma, miguu ikataka kugeuka. Hakuiachia.

"Naomba kashata za ufuta. Maboksi mawili."

Khuyen akainua uso. Mikono ikasimama juu ya maboksi.

"Duka halijafunguliwa."

"Turubai umeshalikunja. Taa inawaka. Duka limefunguliwa, dada, limekosa mteja tu. Na mteja ndiye mimi."

"Luyen, ondoka. Usinianze asubuhi yote hii."

"Siondoki."

Jirani, muuza kofia za majani aitwaye Bi Sen, alikuwa ameshaacha kazi yake na kutoa shingo. "Ala! Ndiye huyo mdogo wako? Yule wa mwaka mpya?" Akajipiga paja. "Khuyen, unangoja nini? Choma karatasi, mama, choma upesi, nuksi isije ikaruka hadi kwangu!"

"Choma," akasema Luyen. Miguu ilikuwa pale pale. "Choma gazeti zima ukitaka. Ukimaliza utanikuta hapa hapa nangoja kashata zangu."

Khuyen akachukua kiberiti. Akawasha kipande cha karatasi, akakipunga juu ya maboksi, huku na huku, na moshi ukamwendea Luyen usoni, machozi yakamtoka. Hakurudi nyuma hata hatua moja. Karatasi ikaisha ikawa majivu, na wote wawili walikuwa bado wamesimama wanatazamana. Khuyen hakuwa na la kufanya tena ila kufunga maboksi mawili. Luyen akalipa bila kuuliza bei, kisha akavuta kistuli cha plastiki akaketi.

"Sasa umekaa hapo unataka nini?"

"Naitazama siku yako. Nitakaa mpaka soko lifungwe. Usipouza, nitakuwa nimeamini ulichosema mazikoni, na hutaniona tena. Ukiuza, utaniambia wewe."

Nyuma ya nguzo Oanh alisikia kila neno. Nusu saa ikapita. Watu walipita na vikapu vyao, wakaenda kwenye nyama, wakaenda kwenye mboga, asubuhi ile hakuna aliyetamani kitu kitamu. Bi Sen naye alikaa na kofia zake bila mteja, akamtupia Luyen jicho baya. Luyen akaanza kuinamisha kichwa. Oanh hakuvumilia.

Akajitokeza, kaguna kidogo, katembea kama mke wa tajiri. "Habari za asubuhi. Nipe maboksi matano." Hakubembeleza bei! Oanh, ambaye sokoni Vinh wauza vitunguu wakimwona hujificha! Kidogo akaja Thom, akataka maboksi manne, "ya mama mkwe wangu, anapenda mno," na Thom mama mkwe wake ameshakufa. Mwisho akaja Diu, akanong'ona, "Na mimi... matatu."

Khuyen alikuwa ameshalishika boksi la kwanza la Diu. Akasita. Akamtazama kifuani. Akageuka akamtazama Thom anayejitia kusoma bango, akamtazama Oanh aliyesimama kwa Bi Sen akipapasa kofia. Mwisho akamtazama mdogo wake kwenye kistuli, na fulana yake.

"Hebu ngojeni," akasema. "Ninyi machungwa mmetoka shamba gani?"

Luyen akageuka, akawaona. Akaruka juu. "Nani kawatuma? Eh? Nani kawaomba? Nimetaka kujua ukweli, mmekuja kunitilia maji! Rudisheni! Rudisheni vyote!"

"Sirudishi ng'o," akasema Oanh, amekumbatia maboksi yake. "Nimelipa bei kamili, ya kwanza tangu nizaliwe. Nirudishe nife?"

Khuyen akaanza kucheka. Alijaribu kuziba mdomo, ikashindikana, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza, na kicheko kikabadilika katikati kikawa kilio. Akajifuta kwa kitambaa cha kufutia mizani.

"Waache, Luyen. Huna haja ya kungoja soko lifungwe."

"Ninayo. Nimesema nitangoja."

"Huna, nakuambia. Daktari alituambia mwezi wa kumi. Miezi mitatu kabla hujatia mguu wako kwangu. Alisema Vien hatafikisha mwaka mmoja. Vien akanikataza nisimwambie mtu, sikukuu isiharibike." Akavuta pumzi. "Nilijua. Mazikoni nilikuwa najua. Nilikuwa na hasira, nikamtaka mtu wa kumbebesha, na wewe ndiye uliyesimama karibu yangu kuliko wote, umenishika mkono."

"Ulijua."

"Nilijua. Halafu nikaona haya kukupigia. Kila mwaka haya inazidi."

Msidhani Luyen alimrukia dada yake shingoni. Hasira ilimpanda, hasira ya haki. "Miaka tisa nakula samaki waliobaki," akasema. "Miaka tisa nasimama nje ya maduka ya watu kama mbwa! Naogopa kuwabishia hodi majirani zangu. Na wewe unajua!"

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nitakusamehe. Lakini siyo hivi, siyo kwa kuninong'oneza nyuma ya maboksi. Ulisema mbele ya watu. Sema mbele ya watu."

"Wale wa mazikoni nusu yao wameshakufa..."

"Anza na hawa waliopo."

Khuyen akaangalia ujia mzima. Mwanamke wa miaka sitini, muuza kashata anayeheshimika, kila mtu anamjua. Akakivuta kile kistuli, akakipanda, Thom akamshika kiuno asianguke.

"Jamani!" akaita. Akaita tena kwa nguvu. "Jamani nisikilizeni! Huyu ni mdogo wangu, Luyen, tumezaliwa tumbo moja. Nilimzushia kwamba mguu wake ulimuua mume wangu. Ni uongo! Mume wangu alikuwa mgonjwa, nami nilijua. Mguu wake hauna neno. Mwenye neno ni mimi!"

Muuza chai akasimama na birika mkononi. Mtu mmoja wa upande wa viungo akauliza kwa sauti, "Kasemaje?" na mwingine akamrudia vyote, neno kwa neno. Khuyen akashuka, anatweta. Luyen akamshika mkono, akaubana sana.

Ndipo Bi Sen akakohoa.

"Wewe, dada wa Vinh," akasema, akipanga upya kofia ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Mimi tangu nifungue sijauza hata moja. Njoo basi unifungulie."

Luyen akafuta macho kwa ukosi wa fulana. Akaenda. Akatwaa kofia moja akaijaribu, akairudisha, akatwaa nyingine, akaitazama kwenye kioo kwa utulivu kabisa.

"Usibembeleze bei!" Khuyen akampigia kelele kutoka dukani kwake.

"Niache, dada! Najua kufungua duka!"