Marahaba ya Kalunguyeye

Kiangazi kile mama yangu alikuwa akirudi nyumbani ananuka mbwa aliyenyeshewa. Nasema "ananuka" wala sioni haya, kwa sababu mama alikuwa mwanamke wa Tanga, mtu wa udi na asumini, mtu aliyekifukiza chumba chetu cha juu kule Southall, London, kila Alhamisi mpaka kengele ya moshi ikalia na mwenye nyumba akapanda ngazi mbio. Sasa mtu huyo huyo aliingia mlangoni na harufu ya manyoya mabichi, sponji iliyolowa jasho na dawa ya kuulia vijidudu, akapita moja kwa moja bafuni bila kutugusa. Alifukiza, akajipaka, harufu haikutoka. La kuvunda halina ubani. Tulipomuuliza alisema ofisi ya tiketi haina dirisha. Alikuwa ametuambia anauza tiketi kwenye bustani kubwa ya michezo nje kidogo ya London, yenye bembea za mitambo na treni za kupanda na kushuka, ambayo watoto wa shule yetu waliizungumzia kama wazee wanavyoizungumzia pepo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na nilijua kuwa tiketi hainuki mbwa. Lakini mama alipokuwa hataki kuulizwa, hukuuliza. Baba alikuwa na mke mwingine Muheza na simu yake haishiki, kwa hiyo wa kumuuliza mwingine hakuwapo.

Mfalme wa bustani ile alikuwa kalunguyeye. Alikuwa na jina la Kiingereza, lakini mama alilikataa. Mnyama ana jina lake kwa Kiswahili, alisema, tena tamu kuliko hilo lao. Basi nyumbani kwetu akawa Kalunguyeye: mrefu kama mlango, kizibao chekundu, tumbo la mto, miiba ya sponji isiyomchoma mtu. Mdogo wangu Salum alimpenda mapenzi ya kuugua. Alikuwa na miaka saba, umri mbaya kwa mapenzi hayo, maana darasani wenzake walikuwa wameshaanza kuamka, na mmoja akiamka huwaamsha wote, kwani hakuna anayetaka kuwa mjinga wa mwisho. Walimwambia ndani mna mtu. Walimwambia mtu huyo hufungua zipu mgongoni akatoka kuvuta sigara. Salum alirudi siku hiyo shati limechanika, akasusa kula, akaniuliza kama ni kweli. Aliniuliza kwa Kiingereza, kwa sababu alielewa Kiswahili chote lakini akakijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliozaliwa hapa. Nikamwambia sijui. Wakati huo kweli nilikuwa sijui.

Neno moja tu la Kiswahili lilikuwa halijafa mdomoni mwake, nalo ni shikamoo. Hilo mama hakulifanyia mchezo. "Kiingereza ongeeni mpaka mchoke," alikuwa akisema, "lakini mkubwa haguswi wala hapitwi bila shikamoo. Mimi sikuzaa mbuzi." Basi Salum alimwamkia kila aliyemzidi kimo: mwenye nyumba, dereva wa basi, daktari wa meno aliyekwisha kumtia mkono mdomoni. Watu walimshangaa, wengine wakamcheka, naye hakujali, akangoja jibu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Jumamosi moja, kabla shule hazijafungwa, mama alileta tiketi za bure za familia. Hakutupeleka yeye, eti zamu hazimruhusu. Akamtuma mdogo wake, mama mdogo Asha, nesi wa Tooting, mkali wa mdomo na laini wa moyo. Tulipanga foleni juani mpaka vichwa vikatuuma. Mbele yetu watoto walipiga mayowe, wakamrukia Kalunguyeye, wakamvuta pua, wakapigwa picha. Naye hakusema neno, kwani ndiyo sheria yao: mnyama hupunga, hucheza, hukumbatia, ila sauti haimtoki. Msichana mwenye fulana ya kazi alimshika mkono asijikwae, maana aliyemo ndani huona kupitia wavu mweusi uliofichwa mdomoni, na chini haoni. Zamu yetu ilipofika, Salum hakumrukia. Alisimama wima, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa, akasema, "Shikamoo."

Kalunguyeye alikatiza mchezo. Mkono uliokuwa ukipunga ulibaki juu. Msichana alimvuta, foleni ikasukuma, mzazi mmoja nyuma yetu akakohoa kile kikohozi cha Kiingereza cha kukuambia unachelewesha watu. Salum akangoja, kwa sababu shikamoo hungojewa. Ndipo ikatoka kwenye wavu, chini chini, sauti iliyomezwa na sponji: "Marahaba, baba." Nani katika foleni ile angemwita mtoto wa miaka saba baba? Alikuwapo mtu mmoja tu London nzima aliyemwita Salum hivyo, akiivuta ile a ya mwisho. Nikamtazama mama mdogo. Alikuwa anajifanya anatafuta kitu mkobani.

Salum hakumtambua. Sponji ilikuwa imeigeuza sauti, na mtoto husikia anachotaka. Kilichompiga yeye ni kwamba Kalunguyeye anajua Kiswahili! Alirudi Southall anaruka, akamweleza Mama Kulwant, mwenye nyumba wetu, Mpunjabi aliyezaliwa Kisumu, naye akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Kama iko na adabu namna hiyo," alisema, "basi hiyo ilitoka Kisumu." Salum akapiga kelele, "Tanga!" Wakabishana ngazini wiki nzima, Tanga, Kisumu, Tanga, Kisumu. Na shuleni sasa alikuwa na hoja isiyojibika: kama ndani mna mtu wao, marahaba kaitoa wapi? Wenzake hawakujua marahaba ni mdudu gani, wakanyamaza. Wote waliomzunguka walikuwa wanaacha kuamini, imani ya mdogo wangu ikazidi kukaza, na kilichoikaza ni kosa la mama kazini.

Jioni moja nilimkuta mama jikoni anamenya vitunguu ameketi. Mama hakuwa mtu wa kupika ameketi. Nikamwambia nilimsikia. Hakujitia hajui. "Ningefanyaje, Zuhura? Meneja akinisikia nafukuzwa. Lakini shikamoo ya mtoto uiache hewani? Itaangukia wapi?" Nikacheka, naye akacheka, kisha kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha. Alipotulia alifuta macho kwa upindo wa kanga, akaniambia mambo ambayo mtoto hapaswi kuambiwa na mamaye mwenye kisu cha vitunguu mkononi. Alikuwa na uvimbe kwenye titi. Aliuficha, akasema utapoa wenyewe, akaona aibu kumvulia nguo daktari mwanamume, na alipokwenda, walimwambia umeshatembea mpaka mapafuni. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo aliitaja mwenyewe, kama anamsema jirani.

Kisha akaniambia anachotaka. "Salum asijue kuwa ni mimi. Akijua, siku nikifa Kalunguyeye naye kafa, mtoto kafiwa mara mbili. Asipojua, mimi nitaondoka, yule atabaki. Watamvalisha mtu mwingine, kizibao kile kile, tumbo lile lile. Atakuwa na wa kumkumbatia." Nikamuuliza, na mimi je, nitabaki na nani? Alinitazama, akarudi kwenye vitunguu vyake. "Wewe mkubwa," alisema. Wallahi, mpaka leo mtu akiniita mkubwa napandwa na hasira. Nilimpenda mama yangu, na jioni ile nilimchukia, na vyote viwili vilikaa kifuani pamoja bila kugombana.

Basi nikawa mlinzi wa uchawi. Likizo ilipoanza tulikwenda kila Jumamosi, mama mdogo akisimama pembeni na uso wa msiba, Salum akitoa shikamoo yake, wavu ukimjibu marahaba, baba. Kumbatio likawa refu kila tulipokwenda, mpaka msichana wa fulana akawa analazimika kuvuta mkono. Siku nyingine za wiki mama alipungua mbele ya macho yetu. Shingo ilichomoza mifupa, pete ikamtoka kidoleni ikabingirika chini ya friji. Jumamosi alikuwa mnene vilevile, mashavu yale yale, tumbo lile lile la mto, na mimi nikawa naona raha ya kijinga kumwona mama kanenepa. Mama mdogo alimsihi aache kazi. Akamjibu kwamba kitandani atafanya nini, atazame dari? Ukweli ni kwamba nyumbani alikuwa hana tena nguvu ya kumpakata mtoto; nguvu zote aliziweka akiba kwa zile dakika za foleni. Na Salum, masikini, akaanza kumkwepa mama yake. Siku moja alinung'unika, mama anamsikia kochini, kwamba mama siku hizi hamkumbatii, Kalunguyeye ndiye anayempenda. Mama alifumba macho, akajifanya amelala. Mimi nilikwenda bafuni nikafungua bomba, nikalia.

Majani yalipoanza kudondoka, mama alianguka kwenye chumba cha kubadilishia nguo, amevuliwa kichwa cha vazi tu. Wenzake walimchana lile tumbo kwa mkasi ili watu wa gari la wagonjwa wamfikie. Hakurudi nyumbani tena. Wanawake wa msikitini walimwosha, akazikwa kwenye udongo mzito wa mvua, na sisi tukahamia Tooting kwa mama mdogo. Salum hakulia mazishini. Alikuwa na jambo lake. Alisema lazima Kalunguyeye aambiwe, kwa sababu Kalunguyeye ni mtu wa Tanga na mama ni mtu wa Tanga, na haifai apate habari kwa watu. Bustani ilikuwa imefungwa mpaka baridi iishe. Akangoja baridi yote. Alitaka aseme kwa Kiswahili, akaniomba nimfundishe sentensi, nami nikamfundisha: mama yetu amefariki. Aliirudia kwenye treni asubuhi ile ya kufunguliwa, midomo ikicheza, mpaka mama mdogo akageuza uso dirishani.

Wallahi, kizibao kilikuwa kile kile. Miiba ile ile, mashavu yale yale. Tumbo walikuwa wamelishona. Salum alisimama wima, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo." Kalunguyeye akapunga. Salum akadhani hakusikika, akarudia kwa sauti. Kalunguyeye akatikisa kiuno, akaunda moyo kwa vidole vyake vinene. Akarudia mara ya tatu, na mara hii haikuwa salamu tena, ilikuwa kuomba. Msichana mwenye fulana, mwingine si yule, akainama kwa upole akamwambia kwa Kiingereza kwamba Kalunguyeye anampenda sana. Kisha yule mnyama akamkumbatia. Mtu aliyekuwamo ndani hakuwa na kosa lolote, Mungu amlipe, alifanya kazi yake kama inavyotakiwa. Salum alisimama ndani ya kumbatio lile mikono imening'inia. Sentensi yake hakuisema.

Tulipanda basi la kurudi stesheni. Hapo aliniuliza, macho makavu kabisa, kama yule alikuwa mama. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama nilijua. Nikamwambia nilijua. Akafikiri, nikaona uso wake wa miaka saba unapita kwenye Jumamosi zote zile, moja moja, anazirudia. Halafu akasema kwa Kiingereza chake, nami naliweka hapa kwa Kiswahili kwa sababu hivyo ndivyo nilivyolisikia: "Kumbe mama alikuwa ananikumbatia, na mimi nilikuwa namkumbatia mtu mwingine."

Sisemi nilikosea, niliagizwa na mama anayekufa, na agizo kama hilo halina mlango wa kutokea. Yeye mwenyewe alipiga hesabu yake kwa mapenzi, ikaharibiwa na malezi yake mwenyewe. Angeinyima shikamoo ile jibu, vazi lingebaki vazi, na mtu yeyote angeweza kulivaa. Alipoitikia akawa yeye, na yeye habadilishwi.

Siku hizi nasikia wenzangu kazini, wakati wa chai, wakipeana mbinu za kuwafanya watoto waendelee kuamini. Mtoto akiuliza, mjibu kwa swali. Mgeuze uso mnyama anapoingia mlango wa wafanyakazi. Mwongezee mwaka mmoja, utoto ni mfupi. Ni wazazi wazuri, na bustani zimekuwa nzuri zaidi kuliko zamani, na mbinu zao mimi nilizijua zote kabla sijavunja ungo. Nakunywa chai yangu. Salum ni mtu mzima sasa, fundi umeme, mwenye binti wa miaka saba aitwaye Bahati, na huyo hajafichwa kitu. Alipouliza kama ndani mna mtu, baba yake alimjibu papo hapo: yupo, ana jasho, amechoka, na jioni anarudi kwake. Mke wake alimlaumu kwamba amemwibia mtoto utoto. Salum alisema utoto wa kuibiwa anaujua yeye.

Mwaka huu Bahati aliomba sana, tukampeleka, bustani nyingine, mnyama mwingine. Tulikuwa watatu kwenye foleni. Mtoto aliamkia watu wawili watatu waliotutangulia, akatulia, akawa anamtazama yule mnyama anavyopunga kwa watoto wa wenzake. Kujua kwamba ndani mna mtu hakukumpunguzia hamu hata kidogo. Akamvuta baba yake mkono, akamuuliza kama yule mtu ana watoto. Salum akasema huenda anao. Bahati akafikiri kidogo, akauliza tena, "Wanajua kuwa ni yeye?"

Foleni ilisogea. Salum hakusogea.