Kipa Aliyetakiwa Kuongea

Kocha wetu wa zamani alipohama Brussels, shule yetu ya ufundi ilimpa timu baba mmoja wa Bukavu. Siku za kazi alitunza wazee katika nyumba ya wazee, Berchem. Sisi Wakongo tulimwita papa, yaani baba, na wenzetu Wamoroko wakafuata.

Mimi nilikuwa kipa. Nilikuja Ubelgiji na shule ya msingi tu, na darasani sikufungua mdomo. Golini hakuna aliyeniuliza kitu. Lakini papa alitaka niongee mechi nzima.

"Ongea, mutoto. Ba beki habana macho mu mugongo."

"Ndiyo, papa."

"Usiambie mimi. Ambia beki."

Beki wetu mrefu, mtu wa Lubumbashi, alicheka, akanifananisha na friji. "Papa, uyu ni frigo. Banamusimamisha pale, anakaa tu."

"Frigo inafanyaka makelele," papa akasema. "Uyu hata ile hapana."

Wote walicheka, mimi pia. Jumamosi hiyo tulifungwa. Tulifungwa iliyofuata, na nyingine tena. Papa alibadilisha mabeki, akabadilisha washambuliaji, akaturudisha tulivyokuwa. Siku nyingine alifika moja kwa moja kutoka zamu, viatu vyeupe vya kazi vikiwa bado miguuni, akasimama navyo kwenye matope. Wamama waliokuja na chai na mikate walipungua, hadi akabaki mama yangu na thermos yake.

Kisha mkuu wa shule akatuambia: msimu ukiisha bila kushinda hata mechi moja, mwakani hakuna timu. Sikujua Jumamosi ningeenda wapi. Kwingine kote hapakuwa na mtu aliyeningoja.

Asubuhi ya mechi ya mwisho nilijifungia bafuni kwetu Saint-Gilles, nikafungulia maji, nikajaribu kupiga kelele. Mama aligonga mlango kuuliza kama naumwa.

Siku hiyo niliongea. "Gauche, kushoto! Rudi nyuma! Acha, ni yangu!" Beki mrefu aligeuka kunitazama mara mbili.

"Bon, frigo imewaka," akasema, akarudi nyuma nilipomwambia.

Tulifika mapumziko bila kufungwa. Kipindi cha pili mtu wao alipiga kutoka mbali, mpira ukaingia pembeni juu. Hapakuwa na beki wa kumwambia kitu. Baadaye wakaongeza la pili, na sauti yangu ilikuwa imekauka.

Mechi ilipoisha papa alitushika mkono mmoja mmoja. Aliponifikia alisema, "Leo umeongea." Alikuwa akitazama uwanja.

Mama alifua jezi yangu, ikakauka juu ya radiator inayopasha nyumba joto. Jumatatu niliipeleka ofisini. Katibu aliuliza ni ya timu gani. Nilimwambia, na alinisikia vizuri, kwa sababu alijibu papo hapo kwamba timu hiyo haipo tena, basi niiweke tu pale chini, kwenye sanduku.