Jani Mdomoni

Nikiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja niliamini kwamba mizizi ina masikio. Sikulipata hilo shuleni. Nilifundishwa na susu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, mama mzazi wa baba yangu. Alikuwa akitibu watu kwa miti huko kwetu kusini mwa Kitui, mahali ambapo ukitaka hospitali ulitembea hadi Mutomo na ukifika nawe ulikuwa mgonjwa pia. Mimi nilipewa jina la mama yake, Syombua, kwa hiyo aliniita mwaitu, yaani mama. Mtu akikuita mama tangu ukiwa unanyonya, utaanza kujiona mkubwa mapema, na mimi nilijiona.

Masharti yake yalikuwa mengi, lakini moja lilikuwa juu ya yote. Anayekwenda kuchimba dawa haongei. Tangu anyanyue jembe pale nyumbani mpaka auweke mzizi chini kando ya chungu, hatoi neno. Akitoa, dawa inakufa njiani, na anachofikisha nyumbani ni kuni. Ili watu wasimsumbue kwa salamu, mchimbaji huuma jani bichi katikati ya midomo. Kila mtu wa upande wetu alilijua jani hilo. Ukikutana na mtu aliyeliuma, unampisha na kuangalia kando, hata kama ana barua yako kutoka Mombasa.

Nilikuwa nimemfuata susu mara nyingi, naye akichimba, mimi nikibeba. Nilitamani siku atakayonipa jembe. Lilikuwa jembe dogo la mpini mfupi, uliolainika na kung'aa kwa jasho la mkono wake, na nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba litakuwa langu. Dada zangu wakubwa walikuwa wakiota kuwa makarani. Mimi nilikuwa nikiota jembe.

Siku yenyewe ilikuja vibaya. Mwende, mdogo wangu wa miaka minne, alikuwa akiharisha tangu jana yake, na asubuhi hiyo alikuwa amelala mkekani kama nguo iliyovuliwa. Baba alikuwa kazini Mombasa. Mama alikuwa mtu wa kanisa kweli kweli, na mbele ya wenzake alikwisha kutangaza kwamba mambo ya miti ameachana nayo. Lakini asubuhi hiyo alimwangalia susu akasema, "Mimi naomba, wewe chemsha."

Susu alikuwa na goti lililovimba, hata kufika chooni alishika ukuta. Akaniita. Akanipa jembe, akaniwekea punje chache za wimbi kwenye kiganja, malipo ya mti, akachuma jani na kuniingizia mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Nilikwenda kwenye musemei uliokuwa ng'ambo ya korongo, ule mti wa miiba, wenye maganda meusi, ambao mbuzi wanaupenda. Nikaumwagia wimbi, nikachimba upande wa jua linakochomoza, nikachukua mzizi mmoja tu, nikafukia shimo. Yote nilifanya sawasawa, na nakumbuka bado jinsi nilivyojipongeza.

Njia ya kurudi ilipita karibu na boma la Mzee Musyoka. Alikuwa kipofu, akikaa nje kutwa nzima akisokota kamba za katani. Wiki chache kabla, mtu aliingia bomani mwake mchana, kimya kimya, akamwibia mbuzi huku yeye amekaa pale pale akisikiliza nyayo na kuuliza, "Ni nani?" bila kujibiwa. Tangu siku hiyo alikuwa na rungu kando yake.

Akasikia nyayo zangu.

"Ni nani?"

Nikasimama. Jani lilikuwa mdomoni mwangu, bichi, la kuonekana na kila mwenye macho.

"Ni nani hapo? Mbona husemi?"

Nikajaribu kupita kwa vidole. Hilo lilikuwa kosa, maana hakuna anayenyata isipokuwa mwizi. Mzee akashika rungu na kujaribu kusimama, lakini kamba aliyokuwa akiisokota ilikuwa imemzunguka miguu. Akayumba. Uso wake, siwezi kuusahau, ulikuwa uso wa mtoto anayesubiri kupigwa.

"Umerudi?" akasema. "Kwani mlibakisha nini? Si mchukue na mimi!"

"Ni mimi, umau," nikasema, kwa maana ndivyo tunavyowaita wazee walio sawa na babu zetu. "Ni Syombua."

Jani likaanguka mchangani.

Mzee akakaa chini kwa kishindo, akacheka kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. "Aii, Syombua! Unataka kuniua? Wakya?"

"Aa," nikajibu, kwa kuwa salamu ya mkubwa lazima iitikiwe, na kwa kuwa madhara yalikwisha kufanyika.

Nilipofika mbali kidogo nilisimama nikiwa na mzizi mkononi. Kurudi kwenye mti, kuchimba mwingine, kuzunguka njia ya mbali nisipite kwa mzee, kungenichukua mpaka jua likae utosini. Mwende angesubiri. Hiyo ndiyo sababu niliyojiambia. Sababu nyingine, ambayo sikujiambia, ni kwamba susu angeuliza kwa nini nimechelewa, na jembe lingerudi kwake. Nikachuma jani jingine, nikaliuma, nikaenda nyumbani.

Nikauweka mzizi kando ya chungu. "Umefika?" susu akauliza, kama alivyokuwa akijiuliza mwenyewe kila alipomaliza, yaani umefika bila kutoa neno.

"Nimefika."

Alichemsha, akachuja, akapoza. Kisha akanipa kikombe. "Mpe wewe, mwaitu. Mkono uliochimba ndio unanywesha." Hilo sikuwa nimelijua. Nikapiga magoti mkekani. Mwende alinusa, akageuza uso, akaniuliza, kwa kisauti chake kilichokauka, kama dawa ni chungu. Nikamwambia, "Kunywa, utapona." Akanywa kwa sababu ni mimi niliyesema. Mimi nilijua, au niliamini kwamba najua, na kwa mtoto hayo ni jambo moja, kuwa ninamnywesha maji ya kuni.

Alasiri Mwende alizidiwa. Macho yalizama. Mama hakumwuliza mtu, alimfunga mgongoni akashika njia ya hospitali ya misheni, na baadaye tukasikia alipata lori la mbuzi lililowabeba. Walikaa huko siku nne. Siku hizo nne sili, sichezi, na kila mbwa akibweka nadhani ni watu wanaoleta habari. Nilikuwa na hakika nimemwua mdogo wangu kwa maneno matano na salamu moja. Susu alidhani ni huzuni tu, akawa ananipa kipande kikubwa cha kiazi.

Siku ya tano walirudi, Mwende akitembea kwa miguu yake na kudai maziwa.

Hapo ndipo kichwa changu kilipovurugika, na sidhani kimetulia mpaka leo. Mama alisema nesi amemwambia kilichomwokoa mtoto ni maji yenye chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Jumapili mama huyo huyo alisimama kanisani akashukuru, akasema ni maombi, na kanisa zima likaitikia. Majirani nao walikuja kwa susu kumpongeza, wakisema musemei ulilishika tumbo njiani, la sivyo mtoto asingefika hata barabarani. Kila mmoja alikuwa na hakika, na kila mmoja alikuwa na furaha. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba mmoja kati ya hao waganga watatu alikuwa amekufa kabla ya kufika kwenye chungu. Au hakufa? Maana mtoto alipona!

Nililifikiria hilo mpaka likanivimbisha kichwa. Mtoto mwenye akili kidogo ni hatari kuliko asiye nazo. Nikaanza kuona kwamba pengine nimegundua jambo ambalo susu na wazee wote hawakulijua. Basi jioni moja mapema, tukichambua pojo, susu aliposema mbele ya shangazi yangu, "Huyu ndiye atakayelishika jembe langu," nilingoja shangazi aondoke, nikakiri. Nasema nilikiri, lakini ukweli ni kwamba kidogo nilikuwa nikijisifu.

"Susu, niliongea njiani. Mzee Musyoka hakuona jani. Dawa ilikuwa imekufa, na Mwende amepona. Kwa hivyo ile sheria ya kutoongea..."

Sikumaliza. Susu aliendelea kuchambua pojo, akitupa mawe madogo kando, moja moja.

"Mzee aliogopa?"

"Sana."

"Ulifanya vizuri kumjibu. Ungeuacha huo mzizi hapo, ungerudi kuchimba mwingine. Hakuna mti unakataa kuchimbwa mara mbili." Akatupa jiwe jingine. "Ulipomshikia Mwende kikombe, ulifikiri ni dawa ama ni maji?"

Nikaona ninakopelekwa, na sikuwa na njia ya kukwepa.

"Nilifikiri ni maji."

"Na ukamwambia nini?"

"Nikamwambia atapona."

Susu alifuta mikono kwenye kanga yake. Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha.

"Lete jembe, mwaitu."

Nikaleta. Akalichomeka kwenye fito za paa, juu, mahali nisipofika hata nikipanda kigoda. Nililia kwa hasira, nikamwuliza swali ambalo nilidhani litamshinda. "Basi niambie, kuongea kunaua dawa ama hakuui?"

Aliniangalia kama anayetafuta jibu la kweli.

"Mimi nitajuaje?" akasema. "Sijawahi kuongea."

Hakunifukuza. Kwa miaka mingi baadaye niliendelea kumfuata, akanitajia kila mti na kazi yake, nikabeba mizizi mpaka bega likawa na alama. Lakini hakunipa jembe tena, wala hakulitaja. Alipofariki lilichukuliwa na shangazi, na mara ya mwisho kuliona alikuwa akipalilia nalo sukuma wiki. Sikujua nicheke au nilie.

Nilifundisha shule ya msingi huko Makueni kwa miaka kadhaa, kisha miaka ya tisini ilipoanza nikaacha chaki na kujiunga na chuo kidogo cha tiba asilia Nairobi. Nilikuwa mkubwa kuliko wanafunzi wengi. Darasa letu lilikuwa na kambi mbili. Kulikuwa na wale walioamini kila kitu cha zamani, ilimradi ni cha zamani, na wale waliotaka kuuvua mti kila hadithi ubaki na kemikali zake tu. Mimi sikujua nikae benchi gani. Siku mwalimu alipouchora musemei ubaoni nilishtuka kana kwamba amemchora ndugu yangu. Alisema gome na mizizi yake vina tanini, kitu kinachokaza utumbo. Nikauliza kama kuna lolote linaloweza kuiharibu tanini kati ya mti na chungu. Akataja joto, ukungu, kukaa sana. Nikauliza, "Na kuongea?" Darasa likaangua kicheko. "Tanini haina masikio, mama," mwalimu akasema, nami nikacheka na wengine.

Kwenye mtihani niliandika tanini, nikapata alama zangu. Lakini tulipopelekwa porini kukusanya mimea, mwenzangu aliyewahi kuwa nesi aliniuliza, "Unatafuna nini?" Nilikuwa nimeuma jani, na sikumbuki nililichuma saa ngapi.

Desemba ya mwaka wangu wa mwisho chuoni nilikwenda nyumbani. Mwende, ambaye sasa alikuwa mama wa watoto wawili, aliniletea mtoto wake mdogo mwenye kikohozi. Akampakata, akawaambia waliokuwepo, kama alivyokuwa akisema kila mwaka, "Huyu ndiye aliniokoa nikiwa mtoto. Alichimba dawa kwa mkono wake." Nilikuwa nimechemsha majani, nimekwisha kumimina kikombeni. Nikakishika kikombe bila kumpa. Nilikuwa nimeyazuia maneno ya siku ile kwa zaidi ya miaka ishirini, na yalitoka yote kwa pamoja: mzee, rungu, jani, kikombe, na nilichokuwa nikiwaza nilipomwambia atapona.

Mwende alicheka kwanza. "Si ulikuwa mtoto tu!" Kisha kicheko kikaisha. Alimwangalia mwanawe, akaangalia kikombe mkononi mwangu, na mkono wake ukapanda polepole ukafunika mdomo wa mtoto.

"Na hii?" akauliza.

Niliumia, siwezi kudanganya. Lakini lilikuwa swali la haki, na lilikuwa limechelewa kuulizwa. Nilinywa funda moja mbele yake. Nikamwambia majani ni ya lini, yalikaushwa wapi, kwamba yanalainisha kifua lakini hayatibu kila kikohozi, na kwamba pumzi ikianza kumbana asiningoje mimi, ampeleke hospitali. Nikamwambia pia nisilolijua, nalo lilikuwa refu kuliko ninalolijua.

Hadi leo sijui kama kuongea kunaua dawa. Najua tu kwamba siku ile nilisema mahali nilipoambiwa ninyamaze, nikanyamaza mahali nilipopaswa kusema, na la kwanza sijalijutia hata mara moja.

Mwende alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauondoa mkono wake mdomoni mwa mtoto, akakichukua kikombe, akamnywesha mwenyewe.